Macho mazima, kuona kwa shida

Jana tulirudi kwa daktari wa macho. Mwanangu, njiti aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 28, ambaye leo ana miaka 15 na kimo cha kunipita, alizisoma herufi za ubaoni mpaka mstari wa 6/6, ule wa mtu anayeona vizuri. Ukimwona pale utasema hana neno. Ila nenda naye Kariakoo: anakupoteza papo hapo, nawe umesimama mbele yake na kitenge cha njano. Ngazi anazishuka akipapasa kwa mguu. Ukurasa wa jiografia wenye ramani, picha na maandishi yaliyobanana unamchosha kuliko mechi nzima ya mpira. Shuleni wanamwita mvivu, na hilo linaniuma.

Hofu yetu siku zote ilikuwa retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Njiti huzaliwa mishipa ya damu ya retina haijamaliza kukua, na oksijeni ikizidi huivuruga. Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950 kabla ya siku zake, alipofuka hivyo. Wetu alipimwa akiwa bado wodini, retina ikawa salama, tukashusha pumzi.

Daktari wa jana, mtu mtaratibu, alichukua karatasi akachora ubongo. Katikati vijumba viwili vya maji. Kandokando nyuzi zinazopeleka habari za macho hadi kisogoni. Zinazobeba upande wa chini wa tunachokiona ndizo zinazopita jirani kabisa na yale maji, na hapo ndipo panapoumia kirahisi kwa anayezaliwa kabla ya wiki 32, kwa kuwa seli za kuzivika nyuzi utando wake bado ni changa. Ngazi zikanijia kichwani palepale. Ubao wa herufi hauwezi kulifichua hilo: unaonyesha herufi chache, nyeusi kwenye nyeupe, wala hakuna anayekusukuma.

"Mbona sasa ndiyo yanazidi?" nikauliza.

"Hayajazidi, mama. Shule ndiyo iliyozidi."

Ubongo wa kijana unaendelea kujijenga hata baada ya miaka 20, akasema, lakini tusikae tukisubiri. Maandishi makubwa, mambo machache kwa ukurasa, muda wa ziada kwenye mtihani. Atamwandikia mwalimu mkuu barua.

Kwenye bajaji nikaanza kupanga siku ya kwenda nayo shuleni. Mwenzangu akanyoosha mkono.

"Nipe, nitapeleka mwenyewe. Wewe ukienda utalia."