Pancha iliyonionyesha kimondo

Wiki mbili kabla ya Krismasi nimetoka Arusha usiku naenda Moshi, kilomita 80 tu lakini si mnaijua Desemba, Wachaga wote wanarudi nyumbani, Kosta imejaa mpaka mlangoni na nauli konda kapandisha anavyotaka. Tengeru foleni, Usa River foleni. Tumepita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA kidogo tu, paa! Tairi la nyuma.

Wote chini. Pale ni nyika tupu, giza totoro, upepo unapiga, konda kalala uvunguni anahangaika na jeki, kijana mmoja anamrekodi ili aweke status.

Mara lami ikawa nyeupe. Yaani hata sikuangalia juu kwanza, nilichoona ni kivuli changu mwenyewe kinazunguka miguuni, ndo nikainua macho, dude la kijani linakata anga kutoka upande wa Kilimanjaro kwenda Mererani, mkia rangi ya chungwa, likapasuka vipande likazima. Sekunde nne tano hivi.

Mzee mmoja akasema ndege imeanguka. Mama wa Tanga akasema ndege gani baba, hicho kimondo, malaika kampiga nacho shetani aliyepanda kudoea habari za mbinguni. Jamaa wa Mbeya akadakia, kimondo ni kile chetu cha Mbozi, tani kama 16, sasa hicho si kokoto tu! (Watu wa Mbeya na jiwe lao jamani.) Na kweli, vimondo vingi vya katikati ya Desemba ni vumbi na vijiwe vya Phaethon, jiwe kubwa linalozunguka jua, vinaingia angani kwetu kwa kilomita kama 35 kwa sekunde.

Mi nikawaambia tulieni, mlio unakujaga nyuma kama radi, kule Chelyabinsk, Urusi, mwaka 2013 watu waliona mwanga wakakimbilia madirishani kuchungulia, dakika moja na zaidi ikapita ndo kishindo kikaja kikawamwagia vioo. Basi Kosta nzima kimya tunasikiliza. Dakika mbili, tatu. Kinachosikika ni spana ya konda tu.

Tumefika Boma Ng'ombe ndo kijana akatuonyesha video yake. Anga halipo hata kidogo. Kuna tairi, kuna miguu ya konda, halafu vyote vinageuka kijani, kivuli cha jeki kinatembea chini, na sauti ya konda kutoka uvunguni: "Nani huyo anawasha fulu? Zima bwana!"