Jinsi nilivyobaki na dawa ya lupasi na macho yangu pia

Nimemeza haidroksiklorokwini kwa zaidi ya miaka kumi kwa ajili ya lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na katika muda huo nimepewa mashauri mawili ambayo kila moja lingeniumiza. La kwanza lilitoka kwa wagonjwa wenzangu: achana na dawa hiyo, itakupofusha. La pili lilitoka kwa mtaalamu aliyenisimamisha mbele ya bango la herufi, akanisikiliza nikisoma mstari wa chini kabisa bila kukwama, kisha akaniambia kuwa macho yangu ni mazima na sina haja ya kurudi. Hili la pili ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu bango la herufi haliwezi kugundua madhara ya dawa hii yakiwa bado machanga.

Dawa hii hujikusanya kwenye tabaka lenye rangi lililo nyuma ya retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na inapozidi huanza kuharibu seli katika duara linalokizunguka kitovu cha makula (sehemu ya katikati ya retina), huku kitovu chenyewe kikisalimika kwa muda mrefu. Kwa kuwa kitovu hicho ndicho tunachosomea, mgonjwa anaweza kuusoma mstari wa mwisho vizuri kabisa ilhali duara limekwisha kuharibika. Anaposhtuka kwamba anaiona herufi moja ndani ya neno na jirani zake zimefutika, kilichopotea hakirudi tena, na hata akiacha vidonge siku hiyo hiyo, masalia ya dawa hukaa mwilini kwa miezi na uharibifu unaweza kuendelea.

Nilianza na hesabu ya dozi. Mwongozo wa chama cha madaktari bingwa wa macho wa Marekani wa mwaka 2016 unataka dozi isizidi miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito halisi wa mgonjwa. Mimi nina kilo 60, nami nilikuwa nikimeza miligramu 400, yaani karibu miligramu 6.7 kwa kilo, kwa sababu tu nilikuwa nimeandikiwa vidonge viwili kwa siku bila ya mtu kunipima uzito. Kwa anayekaa ndani ya kiwango hicho, hatari ya retina kudhurika haifiki asilimia 1 katika miaka 5 ya mwanzo, wala asilimia 2 katika miaka 10, ingawa baada ya miaka 20 hukaribia asilimia 20. Wanaotuhimiza tuache dawa hawazitaji tarakimu hizi, wala hawasemi kwamba lupasi ikiachwa huru hushambulia figo, na inaweza kuziba mishipa midogo ya damu ya retina yenyewe.

Daktari wangu wa baridi yabisi alikubali kuishusha dozi hadi wastani wa miligramu 300, yaani kidonge kimoja leo na viwili kesho. Ili nisichanganye siku, nilifuata tarehe: za witiri nameza kimoja, za shufwa viwili. Mwezi wenye siku 31 hunipa siku mbili za kidonge kimoja zikifuatana, na hilo halina neno.

Kilichonitoa jasho ni kipimo cha uwanja wa kuona. Unaweka kidevu mahali pake, jicho moja linafunikwa, unakazia macho taa ya katikati na kubonyeza kitufe kila unapoona kinuru kinamulika pembeni. Kipimo changu hukagua nyuzi 10 za katikati tu, kwa nukta 68. Mara ya kwanza sikuelezwa chochote. Nilizuia kupepesa hadi jicho likakauka na kila kitu kikawa na ukungu, na kila nilipopitisha muda bila kuona kitu niliingiwa na hofu, nikaanza kuvitafuta vinuru kwa jicho. Karatasi ilitoka na madoa meusi huku na huku, mashine yenyewe ikiwa imeandika kwamba majibu hayaaminiki, na bado nikashauriwa niache dawa kwa karatasi hiyo moja.

Nilikataa, nikaomba kipimo kirudiwe na nipigwe pia picha za tabaka za retina, ambazo hazitegemei jibu la mgonjwa. Safari hii mhudumu mwingine alinieleza mambo ambayo kila mgonjwa anastahili kuyajua kabla hajakaa kwenye kiti. Mashine inatafuta mwanga hafifu kabisa unaoweza kuuona, kwa hiyo karibu nusu ya vinuru hutaviona hata kama jicho ni zima. Pepesa wakati unapobonyeza, maana hapo hukosi kitu. Ukichoka, bonyeza kitufe ukishikilie, nayo mashine nyingi zitasimama kukusubiri hadi ukiachie. Nilipumzika hivyo kila jicho lilipoanza kuwasha. Madoa yote yalitoweka, na kwenye picha ule mstari mwembamba wa seli zinazopokea mwanga ulikuwa umenyooka pande zote mbili za kitovu, bila pengo lolote. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibeba kwa majuma.

Anayeanza dawa hii adai picha za mwanzo ndani ya mwaka wa kwanza, ili za baadaye zipate cha kulinganishwa nacho. Kwa kawaida uchunguzi wa kila mwaka huanza baada ya miaka 5, lakini mwenye figo dhaifu, au anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, au aliyekuwa tayari na ugonjwa wa makula, hasubiri kiasi hicho. Mimi ni wa kundi hilo la kwanza, kwa sababu figo zilizochoka huchelewa kuitoa dawa mwilini na dozi iliyo sahihi kwa uzito huweza kuwa kubwa mno. Ndiyo maana majibu ya figo huwa nayapeleka kwa daktari wa macho pia, na yaliposhuka tena hivi karibuni, madaktari wangu wawili walizungumza wao kwa wao na kuniweka kwenye kidonge kimoja kila siku.