Nyuzi Nne Zilizopotea Jikoni

Jumapili, usiku.

Mikono yangu bado inanukia karafuu ninapoandika, ingawa nimeinawa kwa sabuni na kisha kwa ndimu. Leo nimepata chupa saba za jamu ya nanasi na mapera yenye viungo, na zote zimeshikana inavyotakiwa: ukiinamisha chupa, jamu inasogea yote kwa pamoja, taratibu, haimwagiki kama sharubati wala haigomi kama kashata. Nafurahi kupita kiasi, najua, lakini wiki mbili zilizopita, kwa matunda yaleyale na sufuria ileile, nilipika kitu ambacho kijiko kiliingia kikakataa kutoka.

Jamu hii asili yake ni kwa shangazi yangu wa Mombasa, ambaye huipika kila mananasi yanaposhuka bei. Viungo vyake ni kijiti cha mdalasini, iliki chache zilizopondwa pamoja na maganda yake, kipande cha tangawizi, na karafuu zisizozidi sita kwa kilo mbili za matunda. Mapera nimeyaongeza mimi huku Kampala. Nanasi lina pektini kidogo, na pektini ndiyo inayoigandisha jamu. Mapera yanayo tele, hasa yale ambayo hayajaiva sawasawa na yanakaza kidogo ukiyabonyeza. Tena mananasi ya Kayunga ninayoyanunua Kalerwe ni matamu mno kwa kazi hii, na pektini haishiki bila uchachu, kwa hiyo natia maji ya malimau mawili, na mbegu zake, ambazo nazo zina pektini, nazifunga katika kitambaa chepesi pamoja na karafuu. Kitambaa kina faida nyingine: karafuu ikisahauliwa ndani ya jamu huendelea kuachia ukali wake hata baada ya chupa kufungwa, na mwezi ukipita mtu anayeonja hudhani amepewa dawa ya meno.

Sasa kosa langu. Nilikuwa nimejinunulia kipimajoto cha jikoni, chenye mshale na waya wa kukitundika ukingoni mwa sufuria, na karatasi iliyokuja nacho ilisema kwamba jamu huwa tayari ikifika nyuzi 105. Niliamini. Nilikaa mbele ya sigiri nikikoroga na kuutazama mshale, ukapita 100, ukapita 101, ukaanza kujivuta. Povu lilikuwa limeshakwisha, mapovu yamekuwa makubwa na mazito yanayopasuka kwa mshindo mdogo, harufu ya sukari inayoelekea kuungua imejaa ua mzima, na mimi bado nasubiri namba. Ilipofika 105 niliipua kwa fahari. Asubuhi yake ilibidi nizichemshe chupa ili kuutoa mzigo uliokuwa ndani. Jirani yangu Nnalongo, ambaye hakubali kitu kitupwe, aliukata vipande akawagawia pacha wake na watoto wenzao kama peremende, na kwa muda wa siku tatu nilikuwa mtu mwenye heshima kubwa pale uani.

Nilimpigia shangazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Nasikia umeniulia jamu.”

Nilimweleza habari ya kipimajoto. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Hicho kipimajoto kilikuwa kikipika. Na wewe ulikuwa ukifanya nini?”

Yeye hajawahi kupima joto la kitu chochote isipokuwa la mtoto mwenye homa. Hutia kisahani kwenye friji, akidondoshea jamu kijiko kimoja juu yake, akasubiri ipoe, kisha akaisukuma kwa ncha ya kidole. Ikijikunja ngozi mbele ya kidole, imeiva. Nilimwahidi nitafanya hivyo, lakini moyoni sikuridhika, kwa sababu namba ile haikuwa imetungwa na mwendawazimu. Lazima ilikuwa kweli mahali fulani.

Jioni moja nikachemsha maji matupu, nikakitundika kipimajoto. Maji yalitokota kwa nguvu zote na mshale ukasimama kwenye 96. Nikaongeza makaa. Tisini na sita. Wazo la kwanza lilikuwa kumrudishia muuzaji bidhaa yake mbovu, na hata maneno ya kumwambia nilikwisha kuyapanga, mpaka nilipokumbuka ndugu zetu wa Kabale wanavyolalamika kwamba maharage kule milimani hayaivi upesi. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito wa kuyakandamiza maji, kwa hiyo hutokota yakiwa na joto dogo zaidi, kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Kipimajoto kilikuwa kizima. Jamu huwa tayari ikizidi joto la maji yanayotokota kwa nyuzi kama nne na nusu au tano: Mombasa, ambako maji hutokota kwa 100, hiyo ni 105 kamili; hapa kwangu ni 101 tu. Nilipokuwa nikingojea zile nyuzi nne za pwani, nilikuwa nikiyafukuza maji yaliyopaswa kubaki ndani ya jamu.

Leo, basi, niliipua mshale ulipogusa 101, na kisahani cha shangazi kikasema vilevile. Vipande vilichemka kwanza bila sukari hadi vikalainika, kisha nikatia sukari ya uzito sawa na matunda. Najua wapo wanaoipunguza, lakini mimi nataka jamu ya kukaa kabatini, na sukari ndiyo inayoizuia isiote ukungu. Chupa nazo nilizichemsha dakika 14 badala ya zile 10 wanazozitosha watu wa pwani, maana maji yetu haya ya nyuzi 96 yanahitaji kuongezewa muda, kisha nikazijaza jamu ikiwa bado ya moto.

Vifuniko sita vimebonyea katikati vilivyopaswa kubonyea. Cha saba kinadundadunda chini ya kidole, labda kwa sababu nilikiokota katika chupa ya zamani ya achari, kwa hiyo hiyo chupa haitaingia kabatini. Kesho asubuhi Nnalongo ataleta chapati.