Vidato sita

Yule wa pili ameanza kidato cha kwanza. Juzi, tukimfunikia madaftari kwa gazeti, akauliza, "Baba, kidato hasa ni nini?" Nikamjibu ni ngazi ya masomo. Akaridhika, akaenda kulala. Mimi usingizi ukanikataa.

Kwetu Pangani kidato ni lile pengo mkwezi analolichonga kwenye shina la mnazi apate pa kukanyaga. Vyangu nilivichonga likizo ya darasa la sita, kwenye mnazi wa babu nyuma ya jiko.

Babu alinifundisha kukwea kwa kitanzi cha kamba ya makumbi. Nyayo zinaingia ndani ya kitanzi na kuubana mti, kamba inashika shinani, mikono inatangulia, magoti yanafuata kama ya chura. Kila nilipofika usawa wa paa mapaja yalitetemeka, nikashuka. Siku ile alikwenda mazikoni. Nikasema atarudi akute madafu.

Panga liligonga kama limegonga mfupa. Nikalilaza kidogo, likang'oa kipande chenye nyuzi ndefu za kahawia, mbichi kwa ndani. Cha kwanza goti, cha pili kiuno, nikaendelea hivyo. Nikasimama kwenye cha nne, mkono mmoja umeukumbatia mti, nikichonga cha sita juu ya kichwa, vumbi likinimwagikia machoni. Sikutetemeka. Hilo nalikumbuka kuliko yote: kwa mara ya kwanza nilikuwa juu ya mnazi na sikuogopa.

"Shuka."

Hakunichapa. Alinipeleka kwenye mnazi wa jirani wenye vidato vya miaka mingi, akaniambia nitie kidole. Kikazama. Ndani mlikuwa laini kama mkate uliolowa, sisimizi wakatoka.

"Mwembe ukiukata, gamba hurudi polepole likafunga kidonda," alisema. "Mnazi haufungi. Unakua kichwani tu. Ulichokata leo utakikuta hapohapo ukiwa mzee."

Ni kweli, na ndiyo maana watunza miti walio makini vile vyuma vya miguuni vyenye meno huvivaa kwa mti unaoangushwa, si kwa mti unaopogolewa uendelee kuishi.

Lakini jioni ile alikuja mkwezi wetu, yule aliyeanguka zamani alfajiri yenye umande, kwenye mnazi safi usio na kidato hata kimoja. Mguu wake uliunga vibaya. Akavipapasa vidato vyangu kimoja kimoja kwa kidole gumba.

"Mzee, usimlaumu sana mtoto. Na huu mguu wangu haukurudi."

Babu alinyamaza, kisha akammiminia kahawa. Wakaongea habari za mvua.

Mwaka jana nilikwenda. Babu hayupo, mnazi upo, umekwenda juu sana. Cha kwanza kiko palepale, sasa chini ya goti langu, bado kigumu. Cha tatu kimeoza. Juu ya cha sita wengine wameendeleza hadi kileleni. Mtoto wa jirani akavikwea mbele yangu bila kamba, akaniangulia dafu moja. Moyo ulinidunda muda wote aliokuwa juu. Akashuka taratibu akipapasa kwa kidole cha mguu, na mwisho akakanyaga kile cha kwanza.