Nguzo ya Marabu

"Mama, mbona hawa ndege wanajinyea miguu?"

Foleni ilikuwa imetukwamisha karibu na Uwanja wa Nyayo, jua la saa nane likichoma bati la matatu, na juu ya migunga marabu wamejipanga kama wazee wa baraza. Nikamwambia wanajipoza: kinyesi chao ni majimaji, na kikikauka miguuni kinaondoka na joto. Miguu yenyewe ni myeusi, ule weupe wote ni mavi. Akacheka mpaka kondakta akageuka. Mimi nikamkumbuka fundi.

Niliwahi kuandika hadithi ya paa. Nairobi ya miaka mia ijayo, ghorofa moja la watu na marabu, sola juu, amani tele. Paneli nilizilaza bapa kama mkeka ili ndege wapate pa kutembea. Kulikuwa na wimbo pia. Nikampelekea fundi aliyetufungia sola nyumbani, akague mambo ya umeme tu. Kusema kweli nilikuwa nimefuata sifa.

Aliisoma amesimama, koleo mkononi. Alipomaliza hakusema neno. Uani kwake palikuwa na paneli ya seli 60 iliyounganishwa na kidhibiti chaji, nacho kilikuwa kinasoma wati 240. Akakunja kitambaa, akafunika seli moja, moja tu, kisha akaninyooshea kidole kwenye namba. 160. Akakiondoa, 240. Akakirudisha, 160. Sikumbuki ni mara ngapi, nakumbuka kuku wakitutazama.

"Seli zinafuatana kama shanga," akasema. "Kuna dayodi tatu, njia za pembeni za umeme, kila moja inalinda seli 20. Seli moja ikifunikwa, umeme unazunguka kupitia dayodi na theluthi ya paneli inalala. Dayodi ikifa, ile seli inageuka jiko." Kisha: "Sasa dada, kwenye hadithi yako nani anaosha?"

Hakuna aliyeosha. Walikuwa wanaimba.

Mengine aliyataja harakaharaka. Hapa tuko karibu na ikweta, bapa ndiyo ingefaa kwa jua, lakini inua walau digrii 10 mvua iteremke na uchafu. Osha alfajiri, kwa sababu maji baridi yanaweza kupasua kioo kilichopata moto. Maji ya mvua na kitambaa laini. Maji ya kisima huacha madoa meupe, na stilwuli usithubutu.

Na ndege je? Nilidhani atasema wafukuzwe. Akasema wape mahali parefu kuliko paneli, kwa maana marabu hupenda kusimama juu. Bomba la chuma lililozamishwa kwenye zege, kwa kuwa mmoja anaweza kufika kilo 9, na nafasi wazi ya kurukia, maana akitandaza mbawa ni mita mbili na nusu hivi.

Ila nguzo ina kivuli. Ukiiweka kaskazini mwa paneli, Juni kinaziangukia. Kusini, Desemba. Magharibi, unapoteza jioni. Akachora mchangani kwa koleo: nguzo iende mashariki, mita 4 kutoka kwenye paneli, ikizizidi kwa mita 3. Hasara yake inaisha kama saa tatu asubuhi, na Julai asubuhi za Nairobi ni mawingu matupu, kwa hiyo hudaiwi kikubwa.

Nilirudi nyumbani nikafuta wimbo, nikaandika zamu ya kuosha. Hadithi ikapungua utamu, au labda ikaanza kuwa na watu ndani yake, sijui. Nguzo niliisimamisha mashariki kama alivyochora. Halafu nikagundua kwamba mashariki mwa paa langu, tangu ukurasa wa pili, ndiko jirani anakoanika nguo. Nimejaribu mara tatu kuhamisha zile kamba. Kila nikizihamisha, jirani ananigombeza.