Jinsi nilivyoondoa harufu ya jasho kwenye jezi za mazoezi

Jezi zangu za poliesta zilianuliwa zikinukia sabuni, lakini mara tu mwili ulipopata joto, harufu ya jasho la zamani ilirudi kwapani. Kuongeza sabuni hakukusaidia, na kilainishi cha nguo kilizidisha tatizo, kwa kuwa huacha utando juu ya nyuzi ambazo tayari hung'ang'ania mafuta ya mwili. Kilichofaa ni kuzigeuza ndani nje, kuziloweka kwa dakika 30 katika siki nyeupe kikombe 1 kwa maji vikombe 4 kabla hazijaguswa na sabuni, kuzisuuza, kisha kuzifua kwa sabuni kidogo huku nikisugua mshono wa kwapa, ambako ndiko uvundo hujificha. Siki isichanganywe kamwe na klorini, kwani hutoa gesi yenye sumu.