Siku moja maishani mwangu: kupenya foleni ya Dar na abiria mgongoni

Saa 11 alfajiri. Kijiwe chetu cha bodaboda kipo External, kando ya Barabara ya Mandela, na saa hizi barabara bado nyeupe. Abiria ni mama ntilie, walinzi wanaobadilishana zamu na wanaowahi samaki Feri. Hakuna cha kupenya, unakwenda kwenye mstari wako kama gari lingine lolote. Najaribu breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, mara kadhaa barabara ikiwa tupu.

Saa 1 asubuhi. Morogoro Road imefunga, kuanzia Ubungo mpaka Manzese magari yamegusana. Dada mmoja anakwenda Magomeni, kachelewa kazini. Kavaa sketi, anataka kukaa upande.

"Dada, ukikaa hivyo sipiti katikati. Magoti yako yatakuwa nje kuliko usukani."

Ananitazama, anatoa kitenge kwenye mkoba, anakifunga juu ya sketi na kupanda mguu huku, mguu huku. Namwomba achomeke ncha za kitenge chini ya paja zisije zikaliwa na cheni, mkoba aupakate katikati yetu, na kofia ngumu aifunge mkanda chini ya kidevu. Naangalia vitu hivi kwa sababu upana wangu barabarani ni upana wa kilichotokeza zaidi, awe mtu au mkoba. Wanaotaka kupanda mishikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa pamoja, siwachukui kabisa.

Watu wakiona bodaboda inapita kati ya magari hudhani ni ujasiri. Ni mwendo. Magari yakiwa yamesimama napita na spidi 15, ikizidi sana 20, klachi nusu, mguu juu ya breki ya nyuma, vidole viwili vikiwa tayari kwenye breki ya mbele. Yakianza kutambaa nayazidi kidogo tu. Yakifika 40 nimesharudi kwenye mstari nyuma ya gari, na hapo nabaki. Kwenye spidi 20 pikipiki inakula mita tano na nusu kila sekunde, kwenye 40 inakula mita 11, na sekunde hiyo huisha kabla hata vidole havijabana breki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichambua ajali za pikipiki za jimbo lao, na matokeo yakatoka mwaka 2015: anayepita kati ya magari huumia zaidi pale anapoyazidi mwendo kwa zaidi ya maili 15 kwa saa, yaani kilomita 24 hivi. New South Wales kule Australia waliruhusu kupenya foleni mwaka 2014, lakini kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa. Namba hizo vijana wote wa vijiweni wangepaswa kuzijua, maana foleni ni foleni, hata iwe Sydney.

Halafu macho. Indiketa siitegemei, wengi hawawashi. Natazama tairi la mbele, kwa kuwa tairi hugeuka kabla gari halijahama. Natazama kichwa cha dereva kikielekea kwenye kioo. Na pengo likifunguka kwenye mstari wa jirani, gari lolote lililo karibu nalo nalihesabu kwamba linaingia, hata kama halijatingishika. Ubavu wa kushoto wa daladala sipiti kamwe. Mlango uko upande huo, na konda hushusha watu katikati ya foleni bila kutazama nyuma. Basi likisimama kwenye kivuko napunguza hadi mwendo wa kutembea, maana mtoto wa shule anaweza kutokea mbele ya pua yake.

Tukiwa Manzese dada ananigusa bega: "Kaka, si uingie tu njia ya mabasi ya mwendokasi? Mbona kuko wazi?"

"Huko siingii, dada. Samahani."

Basi la mwendokasi lile refu lina mita 18 na linakuja limejaa watu, na dereva wake hategemei kukuta pikipiki mbele. Bodaboda wamekufa kwenye njia ile, nao walikuwa wanawahi kama sisi. Tunafika Magomeni, anashuka salama, ananiongezea mia tano.

Saa 5. Mafuta, chai, chapati mbili.

Saa 7 mchana. Mzigo wa kupeleka Buguruni, kwa Mandela ileile, na hii ndiyo saa ya malori ya bandarini. Hapa sipenyi hata foleni ikisimama nusu saa. Semi-trela ikikata kona, kichwa kinapita mbali na tela linafuata kwa ndani. Aliyekaa ubavuni anabanwa na matairi ya nyuma bila dereva kusikia kitu. Kipimo changu ni kimoja: nisipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, na yeye hanioni. Kati ya malori mawili ni vibaya zaidi, kwa sababu lolote likisogea huna pa kutokea. Nakaa nyuma, mbali kiasi cha kuona matairi yake yakigusa lami. Mwenye mzigo anapiga simu mara mbili. Namjibu nipo njiani, na ndiyo kweli nipo njiani.

Saa 11 jioni. Mvua imeshuka Sam Nujoma, upande wa Mlimani City. Mstari mweupe ukilowa unateleza, na penyewe ndipo njia yetu ya kupenyea. Siukanyagi nikiwa nimebana breki, naukata kwa wima na kwa mwendo mdogo. Wauza karanga na maji wanakimbia kujikinga, wakipita kati ya magari, hawatazami. Honi napiga kwa kugusa tu, taa nimewasha tangu asubuhi.

Nyuma yangu, kwenye upenyo uleule, inakuja bodaboda nyingine kasi. Nimemwona kwenye kioo, nikajibanza mbele ya gari lililosimama ili apite. Kupita wawili sambamba hakuwezekani, na kumkazia hakunisaidii kitu. Amepita na mtoto wa shule nyuma, hana kofia. Nimemkuta taa za Mwenge.

"Mdogo wangu, huyo mtoto mvalishe kofia. Na mvua hii punguza."

"Sawa, broo." Kofia ilikuwa inaning'inia kwenye usukani. Amemvalisha palepale, kabla taa haijawa kijani.

Saa 1 usiku. Gari dogo limehama mstari ghafla na kunikwangua kioo cha kulia, kimevunjika kimebaki chuma. Hakuna aliyeumia, nilikuwa kwenye spidi 10. Lakini bila kioo cha kulia siwezi kujua nani anakuja nyuma, kwa hiyo njia nzima ya kurudi nimekaa nyuma ya magari kama abiria wa daladala.

Saa 3 usiku. Nimempelekea mzee mwenye pikipiki hesabu yake.

"Shikamoo, mzee. Kioo kimevunjika, kesho sibebi mtu mpaka tununue."

"Marahaba. Bei gani?"

Nimemtajia, akakata kwenye hesabu bila maneno. Duka la spea linafunguliwa saa mbili asubuhi, kwa hiyo abiria wangu wa alfajiri nimewakabidhi wenzangu wa kijiweni.